Mjeledi, Radi na Mpira Uliopima Hewa

Wajukuu zangu, kitu cha kwanza kuishinda sauti kwa mbio hapa kijijini kwetu Ngulyati, Bariadi, mkoani Simiyu, hakikuwa ndege wala roketi. Kilikuwa mjeledi. Mvua za kwanza zikishanyesha na maksai wakafungwa nira, mmoja wenu hushika plau na mwingine hutembea pembeni na mjeledi begani. Anayejua kuurusha hamgusi ng'ombe hata kidogo. Anaupeleka nyuma, anaurudisha mbele kwa ghafla, na papo hapo husikika mlio mkali unaovuka mashamba ya pamba hadi ng'ambo ya pili. Mlio ule si wa kamba kuchapa ngozi, kwa maana ngozi haikuguswa. Ni hewa iliyolia.

Leo nataka kuwaeleza kwa nini hewa hulia hivyo, na kwa nini wakati mwingine hujiviringisha na kujivuruga hata wataalamu wakashindwa kusema itaelekea wapi. Vyuo vikuu vina maabara zinazochunguza mambo haya mawili, mbio kali na msukosuko, na kazi haijaisha. Nawaeleza nyinyi kwa sababu mambo yenyewe yanatendeka juu ya vichwa vyenu, na sioni kwa nini maelezo yake yabaki kwa watu wa mbali.

Tuanze na sauti. Hewa ni chembe ndogo mno zisizotulia, na kila moja hugongana na wenzake mabilioni ya mara kwa sekunde. Ukipiga makofi, chembe zilizo karibu na viganja husukuma za jirani, nazo zikasukuma zinazofuata, habari ikapokezwa hivyo mpaka sikioni. Katika hewa ya joto kama ya kwetu, habari hiyo husafiri karibu mita 345 kwa sekunde moja. Huo ni urefu wa zaidi ya viwanja vitatu vya mpira kabla hujamaliza kutamka jina lako.

Mkono wa mtu hauwezi mbio hizo. Lakini mjeledi ni mnene penye mpini na mwembamba penye ncha. Ukiurusha, kamba hujikunja ikafanya kitanzi, na kitanzi hicho hukimbia kuelekea nchani. Kila kinaposogea kinakuta kamba nyepesi zaidi; msukumo ulioanza na uzito mkubwa sasa umebaki na uzito kidogo wa kusukuma, kwa hiyo kasi hupanda. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, waliipigia hesabu safari ya kitanzi hicho. Wakaonyesha kwamba mlio huzaliwa pale kitanzi chenyewe kinapofikia kasi ya sauti, na wakati huo ncha ya kamba imekwisha kuipita kasi hiyo. Kazi yao ilichapishwa katika mojawapo ya majarida makubwa ya fizikia duniani. Sasa mchunga maksai wa Ngulyati ajue kwamba anachokifanya shambani kimeandikwa humo.

Kwa nini kuishinda sauti kulete kishindo? Fikirini kundi la ng'ombe likiingia zizini. Wa nyuma wakisukuma polepole, wa mbele wanahisi, wanajisogeza, na kundi linapita kwa utulivu. Lakini mkiwatimua wa nyuma kwa mbio kuliko wa mbele wanavyoweza kupisha, watarundikana mlangoni, mbavu kwa mbavu. Chembe za hewa hufanya hivyohivyo. Kitu kinachokwenda polepole kuliko sauti hutanguliwa na habari zake, nayo hewa hupisha mapema. Kikiipita sauti, hewa iliyo mbele haijapata habari yoyote. Inavamiwa ghafla, inarundikana, na mrundikano huo ndio wimbi la mshtuko. Ni ukuta mwembamba ajabu, unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini ndani yake joto, mgandamizo na uzito wa hewa hupanda kwa mkupuo mmoja. Ukuta huo ukilifikia sikio, sikio husikia mlipuko.

Nanyi mmekwisha kuusikia mara nyingi kuliko watoto wengi wa dunia, maana ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Radi inapopita, hewa iliyo katika njia yake nyembamba hupata joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka kwa kasi kuliko sauti, ikaisukuma ya jirani bila taarifa, na wimbi la mshtuko likazaliwa. Baada ya mita chache wimbi linachoka na kugeuka sauti ya kawaida. Hiyo ndiyo ngurumo. Mkiona mwanga, anzeni kuhesabu sekunde mpaka ngurumo ifike. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi kutoka mlipo. Ila hesabuni mkiwa ndani ya nyumba. Chini ya mwembe wakati wa radi si mahali pa kusimama, na katikati ya shamba tupu vilevile.

Wimbi la mshtuko halionekani kwa macho matupu, na hilo liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Njia ilipatikana kwa kutumia jambo mnalolijua: mchana wa jua kali, hewa juu ya barabara ya lami huonekana ikicheza. Hewa ya moto na hewa ya baridi hupinda mwanga tofauti, na hewa iliyobanwa nayo hupinda mwanga kwa namna yake. Katika miaka ya 1860 Mjerumani August Toepler alipanga lenzi na taa kwa ustadi hata mipindo hiyo midogo ikaonekana kuwa vivuli. Mwaka 1886 Peter Salcher, akifuata mawazo ya Ernst Mach aliyekuwa akifundisha Prague, alipiga picha ya risasi ikiwa angani. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo. Mbele ya risasi palionekana mstari uliopinda na kurudi nyuma pande zote mbili: wimbi la mshtuko, limenaswa. Ndiyo maana hadi leo kasi ya ndege ziendazo mbio hupimwa kwa jina la Mach. Mach 1 ni kasi ya sauti, Mach 2 ni maradufu yake.

Binadamu wa kwanza kuipita sauti akiwa katika ndege inayoruka sawasawa alikuwa rubani Mmarekani Chuck Yeager, katika ndege ya Bell X-1, tarehe 14 Oktoba 1947. Kwetu tarehe hiyo ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hamtaisahau.

Sasa tuache mbio kwanza, tuende kwenye msukosuko. Huu hauhitaji chombo chochote. Usiku usio na upepo, kaeni shikome, penye moto wa jioni, mtazame moshi wa ukuni mmoja unaofuka. Kuanzia kwenye ukuni moshi hupanda ukiwa uzi ulionyooka, laini, hautikisiki. Ukifika juu kidogo uzi unaanza kuyumba. Halafu unavunjika, unajiviringisha, vizingo vikubwa vinazaa vidogo, vidogo vinazaa vidogo zaidi, na baada ya hapo hakuna anayeweza kukwambia moshi wa sekunde ijayo utakaa vipi. Ni moshi uleule, hewa ileile. Kuna kitu kimebadilika njiani.

Aliyelipima jambo hili vizuri ni Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, Uingereza. Mwaka 1883 alitoa matokeo ya jaribio ambalo hata shule ya kata inaweza kuliiga. Alipitisha maji katika bomba la kioo, akaingiza katikati yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda taratibu, rangi ilibaki mstari mmoja kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Alipoyaongeza kasi kidogo kidogo, ikafika mahali mstari ukasambaratika ghafla, rangi ikajaa bomba zima. Reynolds akaona kwamba mambo manne hushindana: kasi, upana wa njia, uzito wa kimiminika na mnato wake. Mnato hutuliza, kasi na upana huvuruga. Ukizidisha kasi kwa upana kwa densiti, ukagawanya kwa mnato, unapata namba moja. Ndani ya bomba namba hiyo ikiwa chini ya 2,000 hivi, utulivu hushinda. Ikizidi sana hapo, msukosuko huchukua nafasi. Chombo alichokitumia kimehifadhiwa Manchester mpaka leo.

Namba hiyo naipenda, na nitawaambia sababu. Inamfanya mtu mwenye bomba dogo aweze kusema kweli juu ya mto mkubwa, na mtu mwenye ndege ndogo ya chuma mezani aweze kusema kweli juu ya ndege itakayobeba watu 200. Bila namba za namna hiyo maabara ingekuwa mahali pa kuchezea tu.

Jambo jingine kubwa lilitolewa mwaka 1904 na Mjerumani Ludwig Prandtl, mjini Heidelberg. Alisema hewa inayopita juu ya bawa haitelezi moja kwa moja juu ya ngozi ya bawa. Chembe zinazogusa ngozi husimama kabisa, zimenata. Zilizo juu yake husogea kidogo, zilizo juu zaidi husogea zaidi, mpaka ufikie hewa inayokwenda kwa kasi kamili. Tabaka hili linaweza kuwa jembamba kuliko ukucha wako, lakini humo ndimo mnamoamuliwa mambo mengi: ndege itumie mafuta kiasi gani, bawa libebe au liangushe, chuma kipate moto au kibaki baridi.

Mnaocheza mpira mnalijua tabaka hilo bila kujua. Mpira laini kabisa, hewa hubanduka mapema kutoka mgongoni mwake, ikaacha nyuma eneo pana la msukosuko linaloufanya uchelewe. Mpira wenye mishono huvuruga tabaka lake jembamba tangu mbele, na tabaka lililovurugika hung'ang'ania mgongo wa mpira kwa muda mrefu zaidi. Eneo la nyuma linapungua, mpira unafika mbali. Msukosuko mdogo kwenye ngozi umezuia msukosuko mkubwa nyuma! Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, makipa wengi waliulalamikia mpira ulioitwa Jabulani, wakisema unayumba hewani. Rabi Mehta, mtaalamu wa kituo cha Ames cha NASA huko California, aliuchunguza na kueleza kwamba ulikuwa laini mno, kiasi kwamba ulianza kuyumba ukiwa na kasi ya kilomita 72 hadi 80 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya mashuti mengi ya mpira wa adhabu. Makipa walikuwa na haki.

Kuchunguza mpira wa miguu, handaki la upepo la kawaida linatosha: feni kubwa, njia ndefu, na kitu kilichofungwa katikati. Hewa ndiyo inayokimbia, kitu kimetulia, na vipimo hutoka vilevile. Mambo hugeuka unapotaka hewa iipite sauti. Hapo feni haifai. Maabara hukandamiza hewa ndani ya tangi kubwa la chuma kwa muda mrefu, halafu valvu hufunguliwa na hewa yote hutoka kwa sekunde chache. Inapita katika mrija wenye koo jembamba, kisha mrija unapanuka. Umbo hilo lilibuniwa na mhandisi Msweden Gustaf de Laval mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mvuke. Hapa kuna ajabu ambayo ilinichukua muda kuikubali: hewa iendayo polepole kuliko sauti huongeza kasi njia inapobana, lakini ikishaipita sauti huongeza kasi njia inapopanuka. Tena hupoa sana. Inabidi ikaushwe kwanza, la sivyo unyevu wake hugeuka barafu ndani ya handaki na kuharibu vipimo.

Katika sekunde hizo chache mtafiti anataka kujua kila kizingo kidogo kinachopita. Hutumia waya mwembamba kuliko unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Upepo ukiongezeka waya hupoa, ukipungua hupata moto, na chombo husoma mabadiliko hayo maelfu ya mara kwa sekunde. Wengine hutia vumbi laini hewani na kulimulika kwa leza, wakapiga picha mbili mfululizo, kisha wakapima kila punje imesogea kiasi gani.

Na swali linalowakosesha usingizi ni hili: tabaka lililo kwenye ngozi ya chombo chenye kasi kubwa litaanza kuvurugika wapi? Likiwa tulivu, joto linaloingia kwenye chuma ni la wastani. Likivurugika, joto hupanda mara kadhaa mahali hapohapo. Ukikosea kukisia, ama umebeba kinga nzito isiyo na kazi, ama chombo kimetoboka kwa moto angani na waliomo wamepotea.

Simiyu tumepokea mgeni aliyepita katika moto huo. Mwaka 1930 jiwe kutoka angani lilianguka Malampaka, ambako leo ni wilaya ya Maswa. Jingine lilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania, Desemba 1938, na hilo ni miongoni mwa mawe adimu kabisa ambayo wanasayansi wa dunia wanayathamini, kwa sababu limehifadhi vitu vya tangu jua lilipoanza. Mawe ya namna hii huingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde au zaidi. Watu husema yanawaka kwa sababu ya kusuguana na hewa. Sehemu kubwa ya joto haitoki huko. Inatoka kwenye hewa iliyorundikana mbele ya jiwe, ndani ya lile wimbi la mshtuko, ikabanwa mpaka ikang'aa. Mwaka 1951, katika kituo hicho hicho cha Ames, H. Julian Allen aligundua kwamba chombo cha kurudi kutoka angani kisichongwe ncha kali. Kiwe butu. Ubutu huo husukuma wimbi la mshtuko mbali na ngozi, na joto jingi likaishia hewani. Ndiyo maana vyombo vilivyowarudisha watu kutoka mwezini vilikuwa na tumbo pana.

Sasa nifike kwenye habari ninayotamani kila mtoto wa Simiyu aijue, maana ilipita juu yetu.

Katika Chuo Kikuu cha Roma palikuwa na profesa aitwaye Luigi Broglio, aliyezaliwa mwaka 1911. Aliongoza shule ya uhandisi wa anga, na kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Urbe, kando ya jiji, alijenga maabara yenye handaki la upepo wa kasi kuliko sauti. Lakini kuna hewa ambayo haiingii katika handaki lolote. Ni ile iliyoko kilomita 200 juu na kuendelea, nyembamba mno, ambayo bado ina nguvu ya kupunguza mwendo wa setilaiti hadi ianguke. Hewa hiyo ilikuwa nzito kiasi gani? Ilibadilika vipi jua likichomoza na kutua? Broglio akataka kuipima papo hapo ilipo, kwa kasi ileile ya kutisha.

Chombo alichokibuni ni kizuri kwa urahisi wake. Ni mpira wa chuma wenye upana wa sentimita 66. Ganda la nje ni jepesi. Ndani kuna mwili mzito wenye vyombo. Viwili hivyo vimeunganishwa kwa viungo vinavyonepa. Mpira unaporuka, hewa husukuma ganda tu, haiufikii mwili wa ndani. Ganda husogea kidogo sana kuelekea nyuma, na kusogea huko ndicho kipimo cha nguvu ya hewa. Ukijua nguvu na kasi, unajua densiti. Mizani, wajukuu zangu! Mizani ya kupimia hewa, ikiruka kilomita karibu 8 kwa sekunde. Kwa mbio hizo ungetoka Mwanza ukafika Dar es Salaam chini ya dakika 2.

Wa kwanza, San Marco 1, ulirushwa Marekani tarehe 15 Desemba 1964. Kwa wa pili Broglio aliitaka Ikweta, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na penye Ikweta uso wake unakwenda karibu mita 465 kwa sekunde. Ndiyo kusema hata sasa mlivyokaa hapa mnakwenda mbio kuliko sauti; hamsikii kishindo kwa sababu hewa nayo inakwenda pamoja nanyi. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka kwetu hupata kasi hiyo bure. Waitaliano wakasimika majukwaa mawili baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya: San Marco la kurushia, na Santa Rita la waongozaji, ambalo zamani lilikuwa jukwaa la kutafutia mafuta. Tarehe 26 Aprili 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, roketi ya aina ya Scout iliubeba mpira wa San Marco 2 kutoka hapo. Ndiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Tazameni ramani sasa. Ngomeni ipo karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Bariadi nayo ipo karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Chombo kilichorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni hubaki katika ukanda mwembamba wa nyuzi 3 kaskazini na 3 kusini, basi kila mzunguko, kila baada ya dakika 90 na ushei, San Marco 2 ilipita katika anga la Kanda ya Ziwa au jirani yake. Wakati babu na bibi zenu wanapalilia pamba, mizani ya Chuo Kikuu cha Roma ilikuwa inapima hewa iliyo juu yao. Oktoba mwaka huohuo hewa ile ile iliyokuwa ikipimwa iliichosha, ikashuka, ikateketea.

Kazi haikuishia hapo. San Marco 3 ikafuata mwaka 1971, San Marco 4 mwaka 1974, na ya mwisho mwaka 1988. Katikati yake Wamarekani na Waingereza nao walilitumia jukwaa hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa jumla setilaiti 9 zilitoka Ngomeni kati ya 1967 na 1988. Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo cha Malindi, ambacho bado kinafuatilia setilaiti, sasa kina jina lake.

Lakini nchi nzima ikisikia Bariadi, si setilaiti inayotajwa; wengi hukimbilia kutaja kijiji cha Gamboshi na masimulizi ya watu warukao kwa ungo usiku. Nimeyasikia tangu utotoni. Sasa mnaijua hewa, pigeni hesabu wenyewe. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: ukizidisha kasi mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Kwa kasi ya ndege ya abiria, kilomita 900 kwa saa, hewa ya huku chini ingemsukuma mtu kwa uzito wa zaidi ya tani 3 kwa kila mita ya mraba. Hakuna ungo wala mwili usio na kinga unaostahimili hilo. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu katika nchi hii ya Usukuma bibi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kosa lao likiwa macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Mtoto aliyejua hesabu hii asikubali kusimama kimya mzee wa watu anaposingiziwa.

Nirudi kwenye msukosuko, maana huko ndiko kuliko na kazi kubwa iliyobaki. Milinganyo ya mwendo wa hewa na maji iliandikwa na Mfaransa Navier mwaka 1822, na George Stokes wa Uingereza akaikamilisha mwaka 1845. Ni mifupi, inaenea kwenye kiganja. Mrusi Andrei Kolmogorov alionyesha mwaka 1941 jinsi vizingo vikubwa vinavyogawia vidogo nguvu zao mpaka nguvu hiyo ikaishia kuwa joto. Lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba milinganyo hiyo daima ina jibu lililo timamu. Mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay, Marekani, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha au kukanusha. Hiyo ni kazi ya kalamu na karatasi. Haidai tangi la hewa wala leza.

Wala si hesabu za kujifurahisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada yake Mwanza, inayotazama mawingu ya ziwani. Dhoruba za Ziwa Victoria hujengeka kwa saa chache, nyingi usiku, na huwakuta wavuvi majini. Ndani ya wingu lile kuna msukosuko uleule mliouona kwenye moshi, kwa ukubwa wa kilomita. Anayeuelewa vizuri zaidi atatoa onyo mapema zaidi, na mitumbwi itarudi.

Mkifika sekondari mtaambiwa mchague masomo, na wapo watakaowaambia Fizikia ni ngumu, hasa nyinyi wasichana. Msiiache. Nanyi wazazi mnaonisikiliza, mwacheni mtoto amalize hesabu zake kwanza ndipo mumtume kuchunga.